Watoto Watasoma Wapi? Mwongozo wa Shule na Vyuo kwa Familia ya Mombasa Inayohamia Ng'ambo

Mzazi anayehama Mombasa na watoto watatu hana suala moja la shule, ana masuala matatu. Mtoto wa miaka sita ataingia darasani popote atakapopelekwa na baada ya miezi michache atakuwa anazungumza kama wenyeji. Wa miaka kumi na tano anaweza kupoteza mwaka mzima, au hata miwili, kwa sababu tu familia ilisafiri Januari badala ya Agosti. Wa miaka kumi na tisa huenda asiruhusiwe kusafiri kabisa kwa viza ya mzazi wake. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na sifa za nchi, kama wafanyavyo mawakala wengi, bali unaanza na mtoto, ukaja kwenye viza, na nchi zikafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: Pima kila mtoto amefikia mlango gani wa mtihani

Chukua karatasi, uandike jina la kila mtoto, tarehe yake ya kuzaliwa, darasa alilomo, mtihani wa mwisho aliofanya na mtihani unaomkabili. Kwa watoto walio katika mtaala wa umilisi milango mikubwa ni mitatu: tathmini ya mwisho wa Gredi ya 6, ile ya mwisho wa Gredi ya 9, na mwisho wa Gredi ya 12. Walio katika mfumo wa 8-4-4 wamebakiwa na mlango mmoja tu, nao ni KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ambao kundi la mwisho la mfumo huo limepangiwa kuufanya mwaka 2027.

Mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili ana nafasi kubwa ya kuhama bila madhara. Katika shule za umma za nchi nyingi hupangwa darasani kwa umri wake, wala si kwa gredi aliyotoka nayo, na pengo lolote la hesabu au la lugha huzibwa kadiri anavyoendelea. Hapa sina mengi ya kusema.

Panapohitaji kufikiriwa sana ni kati ya miaka kumi na minne na kumi na saba. Chukua mfano wa England. Mwanafunzi aliyetimiza miaka kumi na minne kabla ya tarehe 1 Septemba huingia mwaka wa 10, ambao kwa kawaida ndio mwanzo wa masomo ya miaka miwili yanayoishia kwenye mitihani ya GCSE mwezi wa Mei na Juni wa mwaka wa 11. Kijana anayetua Januari, aliyetimiza miaka kumi na mitano kabla ya Septemba iliyopita, kwa kawaida huwekwa mwaka wa 11, huku amebakiwa na miezi minne au mitano kabla ya mitihani, katika masomo ambayo wenzake wameyasoma kwa mwaka mmoja na nusu. Hana kosa lolote, ila alama atakazopata ndizo zitakazomfungulia au kumfungia kozi za miaka miwili inayofuata.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye mtoto wa umri huo ni mmoja kati ya miwili: ama ahame mapema ili aanze kozi pamoja na wenzake Septemba, ama abaki na shangazi au nyanya yake mpaka amalize cheti alichokianza, kisha afuate. Jambo la kuepuka ni kumng'oa katikati. Kwa mwanafunzi wa kundi lile la mwisho la 8-4-4 jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa nyuma yake hakuna darasa la mfumo wake ambalo ataweza kurudi na kujiunga nalo mambo yakiharibika huko.

Ukishaandika milango hiyo, iweke kando ya kalenda. Shule zetu huanza Januari. Uingereza, Kanada na shule nyingi za Ulaya huanza Agosti au Septemba, Marekani vivyo hivyo, na shule za mtaala wa Kihindi katika nchi za Ghuba huanza Aprili. Australia na Afrika Kusini ndizo zinazokaribiana na kalenda yetu.

Hatua ya pili: Isome viza kabla hujasoma habari za shule

Wazazi wengi hufikiri kwamba mzazi akipata viza, watoto wanafuata tu. Zamani katika baadhi ya nchi ilikuwa karibu hivyo, lakini siku hizi sivyo. Uingereza ilifunga mlango mmoja Januari 2024, pale wanafunzi wa kigeni wa kozi nyingi, zikiwamo shahada za uzamili za kufundishwa darasani, walipozuiwa kuja na familia; waliobaki na ruhusa hasa ni wa shahada za utafiti. Machi 11 ya mwaka huohuo wafanyakazi wapya wa huduma za wazee na wagonjwa nao wakazuiwa. Mama wa Likoni anayeahidiwa na wakala kwamba ataenda kusoma uzamili wa mwaka mmoja na watoto wake wasome bure shule ya serikali anauziwa habari za mwaka 2023.

Katika Falme za Kiarabu kipimo ni mshahara. Mfanyakazi anayetaka kuwadhamini mke na watoto anatakiwa awe na mshahara usiopungua dirhamu 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba. Wengi wa dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani hawafikii kiwango hicho, na hata wangekifikia, karo ya shule za binafsi ingemaliza mshahara wote. Kwao suala halisi la elimu ni shule ya Mombasa itakayolipiwa kutoka kule, nami nitalirudia mbele.

Umri nao una mpaka wake. Uingereza humhesabu mtoto kuwa tegemezi akiwa chini ya miaka 18 wakati wa kuomba viza, Marekani chini ya miaka 21 na asiwe ameoa au kuolewa, na Kanada chini ya miaka 22. Falme za Kiarabu humruhusu mzazi kumdhamini mtoto wa kiume ambaye hajaoa hadi miaka 25, na binti ambaye hajaolewa bila kikomo cha umri. Mtoto anayekaribia mpaka huo aombewe mapema, kwa maana maombi yanaweza kuchukua miezi na siku yake ya kuzaliwa haisubiri ofisi.

Jambo la mwisho la viza ni kama inamruhusu mtoto kusoma, na hadi ngazi gani. Marekani ina mfano mzuri. Mtoto anayefuatana na mzazi mwanafunzi kwa viza ya F-2 anaruhusiwa kusoma shule hadi kumaliza sekondari, lakini akitaka kuingia chuo kikuu kwa kozi kamili ya shahada hulazimika kubadilisha hadhi yake awe mwanafunzi kwa haki yake mwenyewe.

Hatua ya tatu: Jua shule hutolewaje katika nchi unayokwenda

England shule za serikali hazitozi karo, na mtoto anayeishi kule kihalali na mzazi wake ana haki ya nafasi. Maombi hupitia baraza la mtaa mnaoishi, na hiyo ndiyo sababu anwani ina uzito kuliko jambo lolote. Huwezi kuomba kwa uhakika ukiwa Nyali. Unahitaji mkataba wa nyumba au barua ya mwenye nyumba. Kwa anayefika katikati ya mwaka kuna utaratibu wa maombi ya nje ya msimu, na baraza linapaswa kumtafutia mtoto nafasi, ingawa si lazima iwe katika shule uliyoipenda. Kwa walio ndani ya msimu, mwisho wa kuomba sekondari ni tarehe 31 Oktoba, na wa darasa la awali la shule ya msingi ni 15 Januari, kwa masomo ya Septemba inayofuata. Kwa hiyo usikodi nyumba kwa kuangalia bei tu. Kwanza tazama shule zilizo karibu, soma ripoti za wakaguzi wa Ofsted ambazo ziko wazi kwa kila mtu, kisha ndipo uangalie kodi. Nimeona familia ikilipa kodi nafuu mwisho wa mji na kumpandisha mtoto mabasi mawili kila asubuhi kwenye baridi, hadi wakahama tena mwaka uliofuata.

Dubai mambo ni kinyume. Watoto wa wageni husoma zaidi shule za binafsi, na kazi yako kubwa ni kuchagua mtaala na karo. Mamlaka ya elimu ya Dubai, KHDA, huchapisha karo iliyoidhinishwa ya kila shule pamoja na daraja ililopewa na wakaguzi, hivyo hakuna haja ya kutegemea maneno ya mtu. Shule za mtaala wa Kihindi kwa jumla ni nafuu kuliko za Kiingereza na za Kimarekani, na familia za Mombasa zenye kuujua mtaala huo hufaidika. Juu ya karo, hesabu basi la shule, sare, vitabu na ada ya usajili. Muulize mwajiri, kabla ya kutia saini, kama mkataba una posho ya elimu, ni ya watoto wangapi na hadi kiwango gani; ukishatia saini, swali hilo halina nguvu tena.

Kanada haina wizara moja ya elimu ya nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake, na bodi za shule za mtaa ndizo zinazosajili. Watoto wa wazazi wenye kibali cha kazi au makazi ya kudumu kwa kawaida husoma shule za umma bila karo. Anayepangiwa Quebec ajue kwamba, tangu sheria ya lugha ya mwaka 1977, watoto wa wahamiaji kwa kawaida huelekezwa kwenye shule za Kifaransa.

Marekani shule za umma huendeshwa na wilaya na hufuata anwani, kama England. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Waliobahatika katika bahati nasibu ya viza, kabla haijasimamishwa Desemba 2025, waliingia na watoto wao wakiwa wakaazi wa kudumu, na huo ndio msingi bora zaidi kwa upande wa elimu.

Ujerumani elimu ya shule ni lazima, na mzazi haruhusiwi kumfundisha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka shule. Baada ya miaka minne ya shule ya msingi katika majimbo mengi, au sita Berlin na Brandenburg, watoto hugawanywa katika aina tofauti za sekondari, na Gymnasium ndiyo inayoelekea chuo kikuu moja kwa moja. Mtoto wa miaka tisa anayefika bila Kijerumani anaweza kuukuta mgawanyo huo mlangoni. Mwanzishe lugha hapa, hata kama ni saa tatu kwa wiki.

Hatua ya nne: Amua kama unahitaji mtaala wa kubeba

Kuna familia ambazo hazihami mara moja. Baba yuko Doha miaka miwili, kisha Muscat, kisha huenda akarudi. Mtoto wa familia kama hiyo asibadilishiwe mtaala kila mara. Mtaala wa Uingereza wa kimataifa, IGCSE, na ule unaojulikana kwa kifupi IB hupatikana katika miji mingi ya dunia, na hata hapa kwetu Aga Khan Academy Mombasa hufundisha IB huku shule nyingine kadhaa za mji zikifuata mtaala wa Uingereza. Kumhamishia mtoto mtaala huo mwaka mmoja kabla ya safari humsaidia kuzoea akiwa bado nyumbani. Mitaala hii ni ghali, na kumwingiza mtoto kisha kushindwa kuilipia katikati ya njia ni vibaya kuliko kumwacha katika shule yake ya kawaida. Fanya hesabu ya miaka yote hadi mtihani wa mwisho, wala si ya muhula wa kwanza.

Hatua ya tano: Kusanya karatasi, na uanze nazo miezi sita kabla

Pasipoti ya mtoto huombwa kupitia eCitizen na huhitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi. Ikiwa jina la mtoto kwenye cheti limeandikwa Mohamed na kwenye ripoti za shule ni Muhammad, lirekebishe sasa, kwa kuwa afisa wa kigeni hajui kwamba kwetu ni jina lilelile. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mwenzake awe na kiapo cha idhini kilichothibitishwa na wakili, au amri ya mahakama kama wametengana na kuna mzozo.

Kutoka shuleni omba ripoti za mihula ya miaka miwili iliyopita, barua ya kuhama iliyopigwa mhuri, na matokeo ya tathmini za kitaifa. Shule za nchi za Ghuba mara nyingi hutaka barua ya kuhama na vyeti vithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi na kisha na ubalozi wa nchi hiyo. Kwa sisi wa Mombasa hiyo ni safari ya siku mbili au zaidi, kwenda na kurudi kwa treni, hivyo kusanya za watoto wote uzipeleke pamoja. Uthibitisho wa matokeo ya mitihani ya kitaifa huombwa kwa KNEC, baraza la mitihani la Kenya, kupitia mfumo wake wa mtandaoni.

Kitabu cha kliniki kisisahaulike. Ratiba ya chanjo ya umma ya Kenya ina surua na rubela, lakini haina matumbwitumbwi wala tetekuwanga, ambazo shule za Ontario na za majimbo mengi ya Marekani huzidai. Chanjo hizo hupatikana katika hospitali za binafsi. Mtoto akichanjwa hapa na ikaandikwa, ataingia darasani bila kucheleweshwa.

Ikiwa mtoto ana ulemavu au ugumu wa kujifunza, beba ripoti za wataalamu waliomtathmini na umwambie mwalimu mkuu mpya siku ya kwanza. Wapo wazazi wanaoficha wakihofia kunyimwa nafasi. Katika shule za umma za Uingereza na Marekani sheria inataka mtoto asaidiwe, ila hawezi kusaidiwa kwa jambo ambalo halijasemwa.

Hatua ya sita: Chuo kikuu, na swali la nani anahesabiwa mwenyeji

Hapa ndipo familia hupigwa na gharama wasizozitarajia. Mtoto amesoma sekondari bure England kwa miaka miwili, amefaulu, amepata nafasi, kisha chuo kinamtoza karo ya mgeni. Kwa wenyeji karo ya shahada ya kwanza England imewekewa kikomo, pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Kwa wageni hakuna kikomo, na mara nyingi ni maradufu au zaidi. Kwa kawaida ili ahesabiwe mwenyeji anatakiwa awe na makazi ya kudumu na awe ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kozi kuanza. Mzazi mwenye viza ya kazi ya muda apige hesabu hiyo mtoto akiwa bado na miaka kumi na mitatu. Marekani kuna ngazi mbili: karo ya mkaazi wa jimbo na ya asiye mkaazi, na vyuo vya jamii vya miaka miwili ni njia ya heshima ya kupunguza gharama kabla ya kuhamia chuo kikuu.

Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani kwa sehemu kubwa havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata hivyo KCSE peke yake mara nyingi haimwingizi mwanafunzi moja kwa moja. Hupitia Studienkolleg, masomo ya maandalizi ya takriban mwaka mmoja, na anayeomba viza lazima aonyeshe fedha za kujikimu, kwa kawaida katika akaunti maalumu.

Maombi ya shahada ya kwanza Uingereza hupitia UCAS, ofisi ya pamoja ya kupokea maombi ya vyuo, chaguo tano kwa kila mwombaji. Mwisho ni Oktoba 15 kwa Oxford, Cambridge, udaktari wa watu, wa meno na wa mifugo, na Januari kwa kozi nyingi nyinginezo. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS hutambuliwa kwa miaka miwili, kwa hiyo usiufanye mapema kupita kiasi.

Vijana wetu waliosoma vyuo vya Qurani na madrasa wana njia nyingine ambayo miongozo mingi haiitaji. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, hutoa ufadhili kwa wanafunzi wa kigeni, na Al-Azhar ya Cairo hupokea wanafunzi kutoka pwani yetu tangu zamani. Jambo la kuhakikisha ni kama taasisi iliyotoa cheti cha Thanawi, yaani cha sekondari ya Kiislamu, imesawazishwa na chuo hicho. Khartoum nayo ilikuwa makimbilio ya wengi, hadi vita vilipozuka Aprili 15, 2023 na wanafunzi wakaondolewa, baadhi bila hata karatasi ya alama zao. Kwa hiyo mwanafunzi aliye popote aombe nakala rasmi ya matokeo kila mwisho wa mwaka na aitume nyumbani.

Kumbuka pia kwamba si lazima kila mtu aondoke. Mtoto aliyepata kozi nzuri Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi anaweza kumaliza shahada hapa kwa gharama ndogo na kwenda kufanya uzamili ng'ambo.

Kuhusu mawakala, kanuni yangu ni fupi. Usimlipe mtu kabla ya kulitafuta jina la chuo katika orodha rasmi ya serikali: ya wadhamini wenye leseni kwa Uingereza, ya taasisi zilizoteuliwa kwa Kanada, na ya shule zilizoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni kwa Marekani. Orodha zote tatu husomwa bure mtandaoni. Karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo, isipitie simu ya wakala.

Hatua ya saba: Wanaobaki, na njia ya kurudi

Anayewaacha watoto Mombasa amwandikie mlezi barua rasmi ya ulezi, ampe nakala ya vyeti vyote, na aijulishe shule kwa maandishi ni nani mwenye idhini ya kutia saini na kuamua matibabu. Karo ipelekwe moja kwa moja kwa shule. Kuipitishia kwa ndugu, hata awe mwaminifu, humtia ndugu huyo katika majaribu siku ambayo nyumba ina mgonjwa.

Mabaharia wetu husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na mikataba ya kazi huisha. Mtoto atakayerudi na vyeti vya kigeni vya sekondari atahitaji visawazishwe na KNEC, na mwenye shahada atahitaji itambuliwe rasmi. Kiswahili ni somo la lazima katika shule zetu, kwa hiyo mtoto aliyekaa Birmingham miaka mitano akizungumza Kiingereza tupu atapata taabu ya kweli akirudishwa Gredi ya 8. Zungumzeni Kiswahili nyumbani, mpe vitabu vya kusoma, na mtafutie darasa la mwisho wa wiki. Misikiti na makanisa ya miji mingi huwa na masomo ya dini Jumamosi au Jumapili, na hapo ndipo mtoto hukutana na wenzake wa asili moja.

Hatua ya nane: Wiki za kwanza kule

Siku ya pili au ya tatu baada ya kufika, nenda katika ofisi ya baraza au ya bodi ya shule na uthibitisho wa anwani, pasipoti, viza na kile kitabu cha kliniki. Omba mtoto apimwe Kiingereza, au lugha ya hapo, ili apewe masomo ya ziada. Usikatae kwa kuona haya kwamba mtoto wako anajua tayari. Shule ikipendekeza kumshusha darasa moja, uliza sababu kwa maandishi na ulinganishe na ile karatasi uliyoandika nyumbani, ya umri wake na mtihani unaomkabili. Kwa mtoto wa miaka minane mwaka mmoja si kitu, lakini kwa wa miaka kumi na saba unaweza kumfikisha kwenye umri ambao viza yake hairuhusu, na hilo shule haitakwambia kwa sababu si kazi yake kulijua.